Kishungi Cheupe cha Babu Lukumani

Jumanne, 9 Septemba

Maajabu nyumbani! Sungura wa Safiya wamezaa mtoto mweupe.

Mama sungura wa kijivu. Baba sungura wa kijivu. Vitoto sita, sasa wiki ya pili, manyoya yameota: vitano vya kijivu, kimoja cheupe pe, kama chumvi. Macho mekundu.

Nilijua mara moja. Sungura mweupe wa jirani, yule anayepita chini ya mabati ya ua! Nikamwambia Safiya aende kwa jirani sasa hivi, tena kwa sauti kubwa. Safiya ni mtoto wa dada yangu. Anasoma biolojia hapa chuo kikuu, mwaka wa pili, na anakaa nasi mtaani Mangobo, mimi na mama yangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema tonton, ndivyo anavyoniita mimi mjomba wake, yule sungura wa jirani ni jike.

Bon. Hilo sikuliangalia.

Akachukua kijiti cha ufagio, akachora uani. Kumbe kila sungura ana habari mbili za rangi ya manyoya yake, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Habari hizo zinaitwa jeni. Ya kijivu inatawala. Ya weupe inajificha nyuma yake, kimya, kama mgeni aliyeingia karamuni bila kualikwa. Baba ameficha moja, mama ameficha moja, zikikutana kwa mtoto, basi, mtoto mweupe! Akachora mraba wenye vyumba vinne. Vitatu kijivu, kimoja cheupe. Nikauliza, vitoto vikiwa sita, kwa hiyo mmoja na nusu awe mweupe? Akasema hapana, kila mtoto anapigiwa bahati yake mwenyewe, sungura hahesabu ndugu zake tumboni.

Nilipenda hayo. Kitu kinaweza kutoonekana kwa mzazi na kikatokea kwa mtoto! Nikayaandika kwenye kiganja kwa chaki yangu ya ushonaji. Sikujua kwa nini.

Saa kumi nilijua kwa nini. Simu kutoka Kindu, Shangazi Nuru! Dada mdogo wa marehemu baba, mtoto wa mwisho wa Babu Lukumani aliye hai. Mtandao mbaya, sauti inakuja vipande vipande. Nikasikia: anakuja Kisangani, Jumamosi. Nikasikia: fimbo ya baba. Nikasikia: kuiacha. Kisha krr, krr, ikakatika.

Fimbo ya Babu! Ile ya mpingo, yenye pete ya shaba! Anakuja kutuachia! Mwenye fimbo ndiye mkubwa wa ukoo. Anazungumza wa kwanza kwenye kila harusi, anakaa kiti cha mbele, anapewa kichwa cha samaki. Mimi harusi iliyopita niliketishwa nyuma ya jenereta. Nilisimama nikatoa hotuba nzima, dakika kumi na mbili, na mtu wa karibu nami aliniuliza kama ninaomba maji.

Fimbo ile ni yangu. Lazima.


Jumatano, 10 Septemba

Nimemwambia Mahmoudi habari za fimbo. Kwa nini nilimwambia? Sijui. Nilipita tu dukani kwake soko kuu, anakouza vitambaa, nikataka kuona uso wake ukibadilika. Ukabadilika, ukawa na furaha! Sikutarajia.

Mahmoudi ni binamu yangu, mtoto wa marehemu tonton Asumani, ndugu ya baba yangu, na ana kishungi. Lazima nieleze kishungi, hata kama shajara hii ni yangu peke yangu, maana nikieleza ninakasirika vizuri zaidi. Babu Lukumani alizaliwa na shada la nywele nyeupe juu ya paji la uso, katikati ya nywele nyeusi, kama mtu aliyepakwa tonge la lituma, ndizi zilizopondwa. Watoto wake saba. Watatu walikuwa nacho, wanne hapana. Tonton Asumani alikuwa nacho, akampa Mahmoudi. Baba yangu Ramazani hakuwa nacho. Mimi kichwa changu cheusi chote, kama tako la chungu.

Mahmoudi havai kofia hata saa sita ya mchana. Wateja wanashika kitambaa, yeye anashika kishungi.

Leo alikipaka mafuta mbele yangu. Akasema Shangazi hana haja ya kujiuliza mara mbili, Babu mwenyewe alishamwekea alama. Nikamjibu kwamba watoto wake watatu hawana hata unywele mmoja mweupe, kwa hiyo kwake alama imekufa. Akafunga kopo la mafuta. Kisha akasema, taratibu, kwamba hilo ni la mkewe, damu ya kule kwao ni nzito mno. Mkewe alikuwa anakunja vitenge nyuma yetu. Kitenge kimoja alikikunja mara tatu.

Jioni nikamuuliza Safiya. Akasema si la mkewe hata kidogo. Mahmoudi ana jeni moja ya kishungi na moja ya kawaida. Kwa kila mtoto ni kama kurusha sarafu: upande wa kichwa, kishungi; upande wa pili, hakuna. Amerusha mara tatu, imeanguka upande wa pili mara tatu. Basi. Kisha akasema, lakini tonton, sikiliza vizuri, kishungi si kama weupe wa sungura, kishungi ni…

Akaingia mteja na suruali yake. Nikamwambia Safiya nimeelewa.

Na nimeelewa kweli! Weupe ulijificha kwa sungura wa kijivu, ukatokea kwa mtoto. Kwa hiyo kishungi kilijificha kwa baba, na kinaweza kutokea kwangu. Nina miaka arobaini na mitatu, sawa, kimechelewa. Sungura alichukua wiki mbili. Mimi ni mkubwa zaidi.

Kinahitaji kusaidiwa kidogo tu.


Alhamisi, 11 Septemba

Nilikwenda kwa Solange, mwenye saluni karibu na kituo cha zimamoto. Nikamwambia nataka shada jeupe hapa, upana wa vidole vitatu. Akauliza kama ni la maigizo. Nikasema ni la biolojia.

Alinionya. Nywele kama zangu, alisema, haziwi nyeupe siku moja. Kwanza zinapita rangi nyingine, halafu unasubiri wiki, unarudi. Nikamwambia sina wiki, nina siku mbili. Akapaka dawa. Moto! Nilisikia harufu ya kuku anayebabuliwa, na hakukuwa na kuku.

Akaosha. Akanipa kioo. Akaenda kusimama nje.

Rangi ya mawese. Machungwa kabisa. Nina shada la mawese kwenye paji la uso.

Nimerudi nyumbani nimevaa kofia mpaka kwenye nyusi. Mama akauliza kwa nini kofia siku ya Alhamisi. Nikasema nimeamua kumkaribia Mungu zaidi. Mama yangu, Mama Madina, ana miaka sabini na hajanisikia nikisema neno kama hilo tangu jandoni. Macho yakamlengalenga. Akaniongezea kipande cha samaki.

Nilijisikia vibaya sana. Nikala samaki.


Ijumaa, 12 Septemba

Majaribio.

Saa moja asubuhi: poda ya watoto. Shada likawa jeupe! Nikapiga chafya, likawa la mawese tena, na meza ya cherehani ikawa nyeupe.

Saa tatu: maziwa ya unga, yaliyokorogwa mazito. Nyeupe nzuri, yenye kung'aa. Nikakaa kivulini nikauke. Sisimizi.

Saa tano: nikakumbuka kopo la rangi nyeupe niliyoandikia kibao changu, AMURI COUTURE, SURUALI NA MAGAUNI. Ilibaki robo. Nikapaka kwa brashi ndogo, unywele kwa unywele. Kazi ya fundi! Nikajitazama kwenye kioo cha wateja. Nilikuwa Babu Lukumani mwenyewe, isipokuwa shingo.

Mama akaita. Kwa haraka nikavaa kofia.

Kofia imeshika. Haitoki! Nilivuta, nikavuta, machozi yakatoka, kofia haikutoka. Mwishowe nimeikata kwa mkasi wangu mkubwa, kofia ya Idi, kofia nzuri. Duara moja dogo la kitambaa limebaki kichwani. Nimelipaka rangi juu yake. Ukiwa mbali huoni.

Kesho anafika.


Jumamosi, 13 Septemba

Amefika! Mashua kutoka Kindu mpaka Ubundu, siku tatu. Kutoka Ubundu, pikipiki. Miaka sabini na minane, amekaa nyuma ya dereva, mtandio mwekundu, fimbo ya Babu ameilaza mapajani kama bunduki. Dereva alionekana amechoka kuliko yeye. Alisema mama huyu amemwimbia njia nzima na hakumruhusu kupunguza mwendo.

Ukoo wote tulijipanga barabarani. Mahmoudi mbele, kishungi kimechanwa, kinameta. Mimi nyuma yake, na taulo kichwani.

Shangazi akaanza kusalimia. Alipomkaribia Mahmoudi, nikatoa taulo.

Ee! Mdomo wa Mahmoudi ukafunguka na ukabaki hivyo. Watoto wakanyoosha vidole. Nikasema kwa unyenyekevu, nimeangalia chini, kwamba kimeota chenyewe, juzi, bila mimi kuomba.

Shangazi Nuru akanitazama muda mrefu. Akafunga jicho moja. Kisha akamtazama mama yangu, muda mrefu zaidi. Mama akatazama viatu vyake. Shangazi akasema bon, kesho tutakaa, ukoo wote, tuzungumze.

Tuzungumze! Ukoo wote! Ni fimbo!

Safiya alinivuta mpaka nyuma ya vizimba vya sungura. Akasema tonton, toa hicho kitu kabla ya kesho, hujui unachosema mbele za watu, hujui unamsema nani. Nikamwambia simsemi mtu yeyote, najisema mimi. Akasema ndiyo shida yenyewe. Akaanza tena na miraba yake. Nikamwambia mwanangu, nimeelewa, na sasa nina hotuba ya kuandika.

Mama hakuja kula. Alisema kichwa kinamuuma. Labda ni furaha.


Jumapili, 14 Septemba

Lazima niandike kila kitu kwa mpangilio.

Uani kwetu, baada ya sala ya adhuhuri. Watu zaidi ya thelathini. Lituma, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wawili wakubwa wa kapitaine kutoka kwa Wagenia, wavuvi wa maporomoko, wamefungwa majanini. Shangazi Nuru kwenye kiti cha mbele, fimbo mkononi. Akasema Amuri, anza wewe, tueleze kichwa chako.

Nikasimama. Hakuna jenereta! Kila mtu ananisikia! Nikawaeleza sungura. Nikawaeleza jeni mbili, moja inatawala, moja inajificha. Nikasema kishungi cha Babu kilijificha ndani ya baba yangu Ramazani miaka yote, kwa adabu, na sasa kimetokea kwangu kwa sababu wakati wake umefika. Mtu mmoja alipiga makofi. Ilikuwa hotuba bora ya maisha yangu.

Shangazi akagonga fimbo chini mara moja.

"Amuri, mimi niliosha vichwa vya batoto bote ba hii famille. Miaka sitini. Ile kishungi hairukake mutu. Mwenye iko nayo, baba yake ao mama yake alikuwa nayo. Hakuna mutu aliificha. Ile kitu haijue kujificha."

Nikamtazama Safiya anisaidie. Alikuwa ameweka uso mikononi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba Bibi amesema kweli. Jeni ya kishungi ndiyo inayotawala. Ukiwa nayo, hata moja, inaonekana. Usipoonekana nayo, huna, na huwezi kumpa mtoto.

Nikasema sawa, basi baba yangu hakuwa nayo, na mimi ninayo, kwa hiyo…

Nikaishia hapo. Nilisikia ile "kwa hiyo" ikining'inia hewani kama suruali kwenye kamba.

Thelathini na zaidi, wote kwa pamoja, waligeuka kumtazama mama yangu.

Mahmoudi, kwa sauti tamu kama asali, akauliza kama kuna mtu anakumbuka mwanaume yeyote Mangobo mwenye kishungi, miaka arobaini na minne iliyopita. Mzee mmoja akaanza kukumbuka mpiga picha.

Nilifikiri haraka. Nikapaza sauti: ni upande wa mama! Kishungi kimetoka kwa wajomba! Wote wakageuka kumtazama mjomba Moussa, kaka yake mama. Mjomba Moussa ana upara tangu nizaliwe. Hakuna mtu aliyewahi kumtazama hivyo, thelathini kwa mara moja, na niliona amependa. Akapapasa upara. Akasema, eh, kweli, ujanani, labda kidogo, hapa mbele…

"Moussa!" mama akasema.

Mjomba Moussa akasema hapana, hapakuwa na kitu.

Ndipo nikamwona mama. Nilidhani atakuwa na hasira. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake, anaikunjakunja, na mdomo unacheza kama wa mtoto anayezuia kulia. Miaka ishirini na saba alikaa na baba. Alimzika kwa mikono yake. Na mimi, mwanaye wa pekee wa kiume, nimesimama mbele ya ukoo na rangi ya kibao kichwani, nikimwita mwongo.

Nikasema, "Ni rangi."

Hawakusikia. Nikapaza: "Ni rangi, mama! Rangi ya kibao! Ya AMURI COUTURE!"

Mama alinyanyuka. Akachukua beseni, sabuni ya kuosha vyombo, na ile brashi ya masufuria. Akaniinamisha mbele ya watu wote, miaka arobaini na mitatu, na akasugua. Akasugua kama sufuria iliyoungua. Rangi ikatoka. Duara la kofia likatoka. Chini yake ikatokea mawese.

Watu wakanyoosha shingo kutazama.

Kisha Shangazi Nuru akacheka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, kilianza magotini. Akaanguka juu ya bega la mama. Mama akajizuia, akajizuia, akashindwa. Wakacheka wote wawili wameshikana, na ua mzima ukafuata, hata mjomba Moussa. Povu machoni, nikaona hakuna njia, nikawaambia yote: Solange, chafya, sisimizi, mkasi, kofia ya Idi. Nikawaambia na jenereta, jinsi nilivyozungumza dakika kumi na mbili na mtu akadhani ninaomba maji. Kila neno, kicheko. Mtoto mmoja alitapika sombe. Mama akanipiga na taulo mara tatu, mara ya tatu akanifuta nayo uso.

Nikamwomba msamaha. Akasema nimsamehe yeye, maana jana yote alikuwa anapiga hesabu kichwani mwake, akijiuliza kama kuna siku aliyoisahau.

Shangazi akamwita Safiya mbele, aeleze vizuri, watu wasirudi na nusu ya habari kama Amuri. Safiya akachukua sahani kubwa, akaweka matonge manne ya lituma. Juu ya matonge mawili akaweka kipande cheupe cha samaki. Akasema hawa ni watoto wa mzazi mmoja mwenye kishungi na mwingine asiye nacho. Nusu ya bahati kwa kila mtoto, kila mara upya. Babu alirusha mara saba, akapata vitatu. Tonton Mahmoudi amerusha mara tatu, bado hajapata. Na sarafu inarushwa upande wa tonton Mahmoudi, maana mkewe hana kishungi cha kutoa wala cha kuzuia.

Mke wa Mahmoudi akanyanyua kichwa.

"Kumbe si miye?"

Safiya akasema si yeye, hata chembe.

Yule mama akaketi wima. Sikujua kwamba ana urefu ule wote. Akamgeukia Mahmoudi, akamtazama tu. Miaka kumi na moja ya damu nzito! Mahmoudi akavaa kofia. Sikumbuki lini nilimwona na kofia. Kisha akanong'ona kitu sikioni mwa mkewe, na mkewe akamsogezea sahani, taratibu, kama mtu ambaye atafikiria.

Bon. Watu wakala. Mimi bado nilikuwa na swali. Nikauliza, kwa heshima zote, na fimbo sasa atapewa nani?

Shangazi akaacha kutafuna. Akauliza fimbo gani. Nikasema ile aliyosema kwenye simu atatuachia.

Akasema kwenye simu alisema goti linamuuma, hawezi kuiacha fimbo ya baba yake hata hatua mbili, kwa hiyo tumtafutie chumba karibu na choo.

Thelathini na zaidi. Wote kwangu.

Lakini kapitaine alikuwa mtamu. Wakanipa na kichwa, sababu hakuna aliyeweza kula, mbavu zinawauma kwa kucheka.


Jumatatu, 15 Septemba

Mama amenyoa kichwa changu chote kwa wembe, tangu paji mpaka kisogo. Anaimba wakati ananyoa. Mjomba Moussa alipita, akakaa karibu nami, akasema karibu.

Habari kubwa! Mahmoudi alikuja na mkewe kumsalimia Shangazi. Dada mdogo wa Mahmoudi anaolewa mwezi ujao. Shangazi akasema mimi ndiye nitakayezungumza wa kwanza. Mimi! Mahmoudi hakupinga. Alisema ndiyo, Amuri, na atusimulie ile ya sisimizi.

Nimefikiri sana kwa nini wamenichagua. Ni heshima iliyo usoni mwangu. Kuna kitu wamekiona kwangu.

Adhuhuri Shangazi alikuwa anakula chikwangue, mkate wa muhogo, kivulini, mimi nampepea. Akasema watu wanapiga kelele za kishungi bure. Babu mwenyewe hakukipenda, alikiona kama kinyesi cha ndege. Kitu alichokuwa anajivunia ni kidole chake kidogo cha mkono wa kuume. Kilipinda, kikaegemea cha jirani yake, kama mtu anayenong'ona. Mwenye kidole kile, Babu alikuwa anasema, huyo ni wangu.

Nikatazama kidole changu kidogo. Kimenyooka kama rula.

Nikamuuliza, kama bila kujali, kama Mahmoudi anacho. Akasema hapana, cha Mahmoudi pia kimenyooka.

Kimenyooka!


Alhamisi, 18 Septemba

Siku ya tatu ya kidole. Nimekifunga kwa kitambaa na nusu ya penseli, nimekikaza kielekee cha jirani. Kinauma vizuri. Nadhani kimeanza kusikia.

Safiya alikiona asubuhi. Akakaa chini. Akasema tonton, kidole cha kupinda namna ile, kwenye familia nyingi, kinakwenda kwa sheria ileile ya kishungi. Na mfupa hausikii penseli. Na hata ukiupinda leo, hilo ni la mfupa wako tu, haliingii kwenye jeni wala halitoki kwenye jeni. Akataka kuchora mraba. Nikamwambia asichoke, nimeelewa. Hapa hakuna rangi hata tone. Ni kidole changu mwenyewe, na atakayesugua asugue.

Kushona hakuendi. Suruali ya mwalimu Timothée, mguu mmoja umezidi mwingine kwa vidole vinne. Nilimwambia ndiyo mtindo wa sasa. Ameenda nayo, anatembea anaitazama.

Saa nane nikaenda soko kuu kununua uzi. Nikapita kwa Mahmoudi. Alikuwa anampimia mteja kitambaa, mkono wa kuume ameuficha chini ya meza. Mteja akaomba chenji. Mkono ukatoka.

Kidole kidogo. Kimefungwa! Bendeji nyeupe, mpya, na ncha ya kalamu inachungulia.

Nikamuuliza amepatwa na nini. Akasema mlango ulimbana. Akaniuliza na mimi nimepatwa na nini. Nikasema mlango. Tukatazamana. Mkewe akasema kitu kwa Kilingala ambacho sitakiandika hapa, akatoka nje kucheka.

Mlango! Mlango gani unabana kidole kimoja tu, tena kwa kalamu? Mwongo mkubwa! Mtu mzima, baba wa watoto watatu, anataka kumdanganya Shangazi wa miaka sabini na minane! Hana haya!

Kesho nafunga na cha mkono wa kushoto.